Mjomba katili wa TikTok ndo mimi hapa

Nimetoka gengeni sasa hivi, nimeenda zangu kununua nyanya na kitunguu, mama wa genge ananipimia huku kaninunia, mara paap, "baba, yule mtoto wa watu na yeye umpe nyama ale." Nikamuuliza nyama gani mama, mimi hapo unaniona na nyanya. Akanyanyua simu. Nikajikuta naangalia sebule yangu mwenyewe.

Mtu mzima na familia yangu, mweka hazina msaidizi wa kikundi cha kufa na kuzikana hapa mtaani, leo hii nimekuwa mjomba katili wa TikTok, na klipu inatembea.

Huyu mpwa wangu, mtoto wa dada yangu tumbo moja, alikuja Dar kutafuta kazi, akasema anapumzika kwangu kidogo tu. Basi kazi kaipata, kazi ya kulia. Siku hizi ni fani kabisa, wanaita safari ya kujitambua, unakaa mbele ya simu unatoa maumivu yako ya utotoni, ukimaliza kufuta machozi unawapa watu mambo matatu uliyojifunza, halafu unawauzia kozi. Mimi nawalaumu wenye mtandao. Zile video mwanzo zilikuwa sekunde 15, mtu anacheza anaenda zake kuosha vyombo. Wakaongeza ikawa dakika, 2021 wakaweka dakika tatu, 2022 wakaweka kumi. Mtu ukimpa sekunde 15 atacheza, ukimpa dakika kumi lazima afike kwa mjomba wake.

Na hiyo klipu, msinicheke, nimeirekodi mimi. Stendi ya simu ilivunjika, akaniomba "anko nishikie dakika moja tu." Dakika moja ya wapi. Friji limechomolewa ili taa yake ya duara ipate soketi, feni imezimwa eti inavuma kwenye sauti, watoto wamepelekwa kwa jirani, mama yao yuko jikoni kakatazwa kukaanga, mimi nimesimama na singlendi jasho linatiririka, luku inasoma uniti mbili. Dogo akajipaka Vicks chini ya macho, akashusha pumzi, akaanza: "Kuna ndugu nilikaa kwake, alikuwa ananihesabia vipande vya nyama."

Nikasema we! Nani anahesabu? Nusu kilo watu saba, ile nyama inajihesabu yenyewe!

"Anko umeharibu, tunarudia."

Tukarudia, akapita yule wa dagaa wa Kigoma na spika lake. Tukarudia, chozi likatoka jicho la kulia na taa iko kushoto, eti halionekani. Tukarudia, sasa ndo akaongeza kwamba alilala chini kwenye sakafu baridi. Sakafu baridi Dar es Salaam! Mwezi wa pili! Sisi wenyewe wenye kitanda tunashuka usiku tunalala kwenye hiyo sakafu tunaigombania, na godoro alilopewa limemsindikiza mpaka leo. Nikamwambia basi sema hata kidogo kwamba nauli ya kwenda kwenye usaili nilikupa mimi, viatu ulivyoendea ni vyangu. Akanitazama kwa upole sana, akasema, "anko, hiyo haina hisia. Watu sekunde tatu za mwanzo wasipoumia wanapita."

Nikazidi kuinyoosha ile simu, nifanyeje, mkono umekufa ganzi na yeye ndo kwanza yupo utotoni.

Tulipopumzika akanipa darasa. Kuna profesa wa Marekani, mama mmoja anaitwa Brené Brown, alitoa hotuba Houston mwaka 2010 kuhusu kutoficha udhaifu wako, dunia nzima ikamsikiliza, ndo ikawa hivi. Sawa, nikaenda kumsikiliza na mimi kwa bando langu. Yule mama kumbe anasema hadithi yako umpe mtu aliyestahili kuisikia, mtu mnayeaminiana. Nikamrudia dogo, nikamuuliza huyu wa kwenye koment aliyeweka picha ya Subaru badala ya sura, kakuandikia "pole kaka mjomba ako mchawi," huyu alistahili nini? Akasema hiyo ndo ingejimenti, yaani watu wakishaingia kukoment klipu inazidi kutembea.

Na hela hakuna! Ile programu yao ya kulipa video za zaidi ya dakika moja imeanza na kina Marekani, Uingereza, Ujerumani, Japani, Brazili huko. Bongo hatumo. Kwa hiyo nimechafuliwa jina bure, hata sabuni ya unga haijaingia ndani.

Kazini nako kuna mwenzangu kaposti analia jinsi madeni yalivyomnyima usingizi mpaka akajifunza kujisamehe. Deni lenyewe ni langu, elfu arobaini. Kajisamehe peke yake, mimi hajaniuliza.

Wife nilidhani atanitetea. Kaangalia klipu mpaka mwisho, akasema, "yaani mmerekodi na lile pazia la zambarau, ungeniambia nikabadilisha." Dada yangu kapiga simu kutoka Tabora, hajanisalimia, ananiuliza nusu kilo inapikwaje kwa watu saba.

Lakini aliyenimaliza ni mwenye nyumba. Na yeye kaona, kakoment hadharani, "Nyumba hiyo ni yangu, vyumba viwili vipo wazi, maji ndani, njoo inbox." Maji ndani! Maji gani hayo? Si haya yanayotoka saa tisa usiku tunaamka kupanga ndoo mpaka koridoni? Bomba la uani nilimwambia tangu kabla ya mfungo, linavuja mchana kutwa, amefunga mpira wa baiskeli pale akasema fundi anakuja. Bili ikija tunagawana kwa vichwa, na kichwa cha huyu msanii nakilipia mimi.