Kabla hatujapiga makofi Mpondwe

Kila jeshi la Uganda, UPDF, linapovuka mpaka kufuata waasi Kongo, Uganda hugawanyika kwa mtindo uleule. Kwenye steji za boda pale Kampala utasikia "waache wawafuate hukohuko porini". Mitandaoni, wasioipenda serikali wanasema ni dhahabu na mbao tu, hakuna kingine. Wafanyabiashara wa Bwera na Kasese, kule mpakani magharibi, wao hawashabikii upande wowote. Wanapiga simu Kasindi, ng'ambo ya mpaka, kuuliza kama kizuizi kimefunguliwa na kama fuso la saruji lililoondoka jana limefika Beni. Kwa maoni yangu hao wa mwisho ndio pekee wanaouliza swali lenye jibu. Sisi wengine tunabishana juu ya nia, na nia ya mkubwa huijui mpaka imekwisha kukugharimu.

Sisemi wanaoshangilia ni wajinga. Tarehe 16 Novemba 2021 mabomu yalilipuka katikati ya Kampala, moja jirani na Kituo Kikuu cha Polisi, jingine karibu na Bunge. Tarehe 30 mwezi huohuo ndege na mizinga ya Uganda zikaanza kupiga kambi za waasi wa Uganda wa ADF huko Ituri na Kivu Kaskazini, mikoa ya mashariki mwa Kongo, na Operesheni Shujaa ikawa imezaliwa. Mtu aliyepishana na kifo wiki mbili kabla utamwambia nini? ADF haikutungwa na serikali. Juni 1998 waliwachoma wanafunzi takriban 80 katika chuo cha ufundi cha Kichwamba. Juni 2023, Shujaa ikiwa na mwaka mmoja na nusu, waliingia sekondari ya Lhubiriha, katika mji wa mpakani wa Mpondwe, wakaua wanafunzi 37. Hasira ya Kasese ina makaburi.

Ila hasira hiyo inatufanya tusome vibaya mapokezi ya upande wa pili. Picha za wakazi wa Beni wakipungia mkono magari ya deraya zilisambazwa Kampala kana kwamba ni kura ya maoni. Katika siku hizohizo Dkt. Denis Mukwege, mshindi wa Nobeli kutoka Bukavu, alipinga waziwazi, akiwafananisha wanaokuja na wazimamoto ambao ndio wawashaji wa moto wenyewe. Waganda wengi walikasirika. Wanaokumbuka Kisangani, mji wa Kongo, hawakushangaa. Juni 2000, kwa siku sita, jeshi la Uganda na la Rwanda lilipigana kwa mizinga ndani ya mji ambao si wa Uganda wala wa Rwanda, na waliokufa kwa wingi walikuwa wenyeji.

Na sisi wenyewe tumewahi kuwa hao wenyeji. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, Tanzania, na mwanzoni mwa Novemba Amin akatangaza kwamba eneo lote mpaka mtoni ni sehemu ya Uganda. Redio ilisherehekea. Februari 1979 mji wa Masaka na mji wa Mbarara ikawa vifusi, maana Watanzania walilipiza. Halafu 11 Aprili Kampala ikaanguka, na watu wakajaa barabarani kulishangilia jeshi la kigeni. Shangwe zile zilikuwa za kweli kabisa. Lakini kilichoshangiliwa ni kuondoka kwa Amin. Hakuna aliyekuwa ametia saini kwamba wageni wakae hadi 1981. Ndivyo na Beni: anayekupungia mkono leo anashukuru kwamba usiku huu huenda hatachinjwa. Usimsomee zaidi ya hapo.

Basi tuangalie nini? Mimi huanza na ruhusa: nani aliyeitoa, kwa eneo gani, na kwa ajili ya adui yupi.

Kesi ya Kongo dhidi ya Uganda katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, ni darasa tosha. Mwanzoni mwa 1998 askari wetu walikuwa Kongo kwa ridhaa ya Kinshasa; hata itifaki ya usalama wa mpaka ilitiwa saini tarehe 27 Aprili mwaka huo. Kisha rais wa Kongo, Laurent-Désiré Kabila, akakosana na waliomsaidia kuingia madarakani. Katika hukumu ya Desemba 2005, majaji walisema ridhaa hiyo ilikuwa imekwisha kufikia 8 Agosti 1998, pale Kongo ilipoishutumu Uganda mbele ya viongozi wa kanda huko Victoria Falls. Kuondoa ridhaa ya namna hiyo hakukuhitaji utaratibu maalumu. Kuanzia hapo utetezi wa "tulialikwa" ukafa. Uganda ikabaki na utetezi wa kujilinda dhidi ya ADF, nao ukakataliwa: haikuthibitika kwamba mashambulizi ya waasi hao yalikuwa ya serikali ya Kongo, na majaji wakaongeza kwamba kuteka viwanja vya ndege na miji iliyo mamia ya kilomita kutoka mpakani hakulingani na kuzuia uvamizi wa mpakani.

Kwa hiyo pima kilomita. Ni kipimo rahisi, ramani ya simu inatosha. Mapigano ya bonde la Semuliki, ng'ambo tu ya Bundibugyo, unaweza kuyaeleza kwa ADF bila kutokwa jasho. Februari 2025 askari wa UPDF waliingia Bunia, mji mkuu wa Ituri, siku chache baada ya Mkuu wa Majeshi, Jenerali Muhoozi Kainerugaba, kuandika mtandaoni kwamba vikosi vilivyomo mjini vina saa 24 za kusalimisha silaha. Adui aliyetajwa safari hii ni wanamgambo wanaoua raia wa Ituri, si ADF peke yao. Pengine kuna sababu nzuri. Lakini hiyo ni kazi nyingine, na kazi nyingine huhitaji ruhusa nyingine. Wakati huohuo M23, kundi jingine la waasi wa Kongo, ilikuwa imeshika Goma na Bukavu, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walishaituhumu Kampala kuisaidia, tuhuma ambayo serikali inaikana. Ukitaka kujua Kinshasa ya kawaida ilikuwa inatuonaje, tarehe 28 Januari 2025 waandamanaji walivamia balozi kadhaa, na wa Uganda ulikuwa mmojawapo. Ndipo utakapojua ridhaa ya rais na ridhaa ya mtaa ni vitu viwili.

Sudan Kusini ni somo fupi zaidi. Desemba 2013 tuliambiwa jeshi limekwenda kuwaondoa Waganda na kulinda uwanja wa ndege wa Juba. Katikati ya Januari 2014 Rais Museveni akakiri, akiwa Luanda, kwamba askari wetu wanapigana upande wa Rais Salva Kiir. Machi 2025 Kampala ilitangaza vikosi viko Juba, waziri wa habari wa Sudan Kusini akakana, siku chache baadaye akakubali. Mwenyeji anapokana mgeni aliye sebuleni kwake, hapo pana walakini, na ulipaswa kuwatia wasiwasi hata wanaolipenda jeshi.

Sasa Bunge. Ibara ya 210 ya Katiba inalikabidhi Bunge kazi ya kutunga sheria kuhusu kupeleka askari nje ya nchi, na Sheria ya UPDF ya 2005 inataka idhini. Bunge likiwa likizoni, Spika analiita likae ndani ya siku 21 kuridhia. Kinachotokea ni kinyumenyume: askari wanavuka, nchi inashangilia, ndipo wabunge wanaletewa hoja. Ya Juba iliridhiwa 14 Januari 2014, wiki kadhaa baada ya risasi kuanza; ya 2025 tarehe 20 Machi, wiki moja na ushee baada ya tangazo. Shujaa nayo, wabunge walisikia habari zake kama sisi. Shangwe zetu ndizo zinazoliwezesha hili: mbunge gani atasimama kuuliza juu ya kifungu cha sheria wakati jimbo lake linapiga vigelegele? Na akinyamaza wiki ya kwanza, wiki ya tatu hana tena cha kuzuia.

Bili inakuja baadaye, na ni yetu. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama hiyohiyo ya The Hague iliiamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325: milioni 225 kwa madhara ya watu, 40 kwa mali, 60 kwa maliasili. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya bilioni 11, hivyo wapo waliosema tumepona. Malipo ni dola milioni 65 kila mwaka kwa miaka mitano kuanzia 1 Septemba 2022, na anayechelewa anaongezewa riba ya asilimia 6. Kijana wa Kasese aliyezaliwa 2003, mwaka ambao UPDF iliondoka Ituri, akinunua vocha au sabuni leo anachangia deni la vita alivyovikuta vimekwisha. Wizara ya Mambo ya Nje iliiita hukumu si ya haki. Fedha ikaanza kulipwa hata hivyo.

Mpakani hesabu ni nyingine, na haifiki Kampala. Juni 2021 Museveni na Rais Tshisekedi wa Kongo walizindua Mpondwe mradi wa barabara za kilomita 223 ndani ya Kongo: Kasindi hadi Beni, Beni hadi Butembo, na Bunagana hadi Goma kupitia Rutshuru. Uganda inachangia gharama. Kuna wanaosema jeshi lilikwenda kulinda barabara, na kuna wanaosema barabara ilikuwa ya jeshi. Kwa mwenye vitenge na mabati ya kupeleka Butembo ubishi huo hauna faida. Bunagana ilipoangukia mikononi mwa M23 Juni 2022, kipande cha tatu kilibaki mikononi mwa waasi, na msafirishaji wa Kisoro akaanza kushughulika na watoza ushuru wasio na serikali.

Anayetaka kufanya kitu zaidi ya kushabikia ana kalenda. Wizara ya Ulinzi, kama wizara zote, hutakiwa kuwasilisha taarifa ya sera Bungeni kufikia 15 Machi, na bajeti hupitishwa kabla ya 31 Mei. Katikati hapo kamati inayohusika na ulinzi hukaa na kuhoji. Matumizi ya siri hujadiliwa faragha, hilo halina ujanja, lakini nyongeza ya bajeti ni hadharani: Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015 inaruhusu serikali kutumia hadi asilimia 3 ya ziada kabla ya kuomba idhini, kisha ilijulishe Bunge ndani ya miezi minne. Muulize mbunge wako kwa maandishi ni kiasi gani cha nyongeza kimekwenda Ulinzi, operesheni ina mwisho upi, na ridhaa ya Kinshasa inataja wilaya zipi. Akikujibu kwamba ni siri, mwambie hukuuliza walipo askari.