Kununua franchaizi nyumbani: dai karatasi za Marekani kabla ya kutuma pesa

Kuna maneno yanayosikika sana kati yetu wa ughaibuni: Marekani biashara ina makaratasi mengi, nyumbani unaelewana na mwenye jina, unalipa, unafungua. Kwa franchaizi, yaani kununua haki ya kufanya biashara kwa jina na mfumo wa mtu mwingine, naona wepesi huo ndio unaotumaliza.

Huku Marekani kanuni ya FTC, tume ya shirikisho ya biashara, inamkataza muuzaji kuchukua pesa au saini yako kabla hazijapita siku 14 tangu akukabidhi waraka wa ufichuzi, yaani maelezo ya biashara anayopaswa kukuonyesha. Waraka huo una vipengele 23, kwa mpangilio uleule kwa kila kampuni, hivyo unaweza kuzilinganisha mbili ukurasa kwa ukurasa. Cha 3 kinataja kesi za mahakamani zinazomhusu muuzaji. Cha 7 ni jedwali la gharama za kuanza, pamoja na fedha za kuendeshea biashara kwa angalau miezi 3 ya mwanzo. Cha 20 ndicho cha kuanza nacho: kinaonyesha matawi yaliyofunguliwa, yaliyofungwa na yaliyouzwa kwa miaka 3, na namna ya kuwapata wenye matawi waliotoka mwaka wa fedha uliopita. Wapigie waliotoka kabla ya waliobaki. Cha 19, cha mapato, ni hiari. Lakini muuzaji ambaye hakukijaza haruhusiwi kukutajia makadirio ya mauzo au faida hata kwa mdomo. Akikuambia pembeni kwamba tawi litarudisha mtaji ndani ya mwaka, tayari amevunja kanuni.

Ulinzi huo una mipaka. FTC haiukagui waraka. Maryland, California, Minnesota na Washington ni kati ya majimbo yanayodai usajili kabla ya kuuza, mengi hayadai. Na kanuni ya shirikisho haikupi wewe mnunuzi haki ya kushtaki. Utategemea sheria ya jimbo lako.

Wenye kampuni za kuhudumia wazee majumbani, nao ni wengi kati yetu, wajue hili pia: ukimruhusu binamu yako atumie jina lako katika jimbo jingine, ukampangia taratibu za kazi na ukamtoza ada au asilimia ya mauzo, huenda sheria ikakuhesabu muuza franchaizi hata kama mkataba unasema "ushirikiano". Kichwa cha mkataba hakibadilishi yaliyomo.

Sasa nyumbani. Kenya na Tanzania hazina sheria mahsusi ya franchaizi. Kuna sheria ya mikataba, ya alama za biashara, ya ushindani na ya kodi, na hakuna hata moja inayomlazimisha muuzaji akuonyeshe hesabu zake. Afrika Kusini, kupitia Sheria ya Kulinda Walaji ya 2008, inampa mnunuzi siku 10 za kazi baada ya kusaini kujitoa bila adhabu. Kwetu, ukishasaini umesaini. Kwa hiyo ulinzi ambao sheria haikupi, uandike wewe: mwambie mwenye jina kwa barua kwamba hutalipa ada ya kuanzia mpaka akupe hesabu zilizokaguliwa za miaka 3, orodha ya matawi yote pamoja na yaliyofungwa, rasimu ya mkataba, na siku 14 za wakili wako kuisoma. Anayekataa, muache.

Kagua jina kwanza. Kusajili kampuni si kusajili alama ya biashara, yaani jina au nembo inayotambulisha bidhaa au huduma. Kenya, alama zinasajiliwa KIPI, taasisi ya serikali ya mali ya viwanda. Wamiliki na wakurugenzi wa kampuni utawaona kwenye CR12, hati rasmi ya msajili wa kampuni. Tanzania Bara ni BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na Zanzibar ina msajili wake, BPRA, kwa hiyo alama ya Dar haikulindi Unguja. Hakikisha imesajiliwa katika daraja, yaani kundi la bidhaa au huduma, la huduma yako: mgahawa ni daraja la 43. Alama iliyosajiliwa kwa bidhaa za kuku pekee haitoshi kulinda jina la mgahawa.

Mrabaha, yaani malipo ya kila mara kwa mwenye jina, unakatwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Mauzo yakiwa shilingi milioni 2 kwa mwezi, mrabaha wa asilimia 6 na mchango wa matangazo wa asilimia 2 ni shilingi 160,000, hata mwezi uliopata hasara. Mwenye jina akiwa nje ya nchi, ongeza kodi ya zuio, inayokatwa kwenye malipo kabla hujamtumia: asilimia 20 Kenya na 15 Tanzania, isipokuwa pale mkataba wa kodi kati ya nchi mbili umepunguza kiwango. Mkataba ukisema apokee kiasi kamili bila makato, kodi inakuangukia wewe: ili apate 100,000 kutoka Kenya, itakugharimu 125,000.

Pango ndilo linalosahaulika zaidi. Nairobi mikataba mingi ya maduka ni ya miaka 5 na miezi 3, kwa sababu ile isiyozidi miaka 5 humpa mpangaji ulinzi wa Sura ya 301, sheria ya Kenya ya wapangaji wa maduka na hoteli, na wenye majengo hawautaki. Ukisaini franchaizi ya miaka 10, katikati ya safari fremu inaweza kuondoka ilhali deni la vifaa na wajibu wa mkataba vimebaki. Sawazisha muda wa mikataba hiyo miwili, au andika kwamba pango likiisha, unaweza kuhamisha tawi bila ada mpya.

Kwa Mtanzania aliyechukua uraia wa Marekani, jambo moja linatangulia hayo yote. Tanzania haitambui uraia pacha kwa watu wazima, na agizo la Julai 2025 linawazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo rejareja (isipokuwa supamaketi), saluni na huduma za fedha kwa simu. Mkenya ana nafuu, kwani Katiba ya 2010 inaruhusu uraia pacha. Mwulize wakili kuhusu leseni kabla hujazungumzia bei, na usijifiche nyuma ya jina la ndugu: likitokea la kutokea, mbele ya sheria biashara ni yake.