Mwezi wa Tatu Si Nilishapiga?

Jamani, mtu jana ulikuwa unachoma mbavu za Memorial Day, sikukuu ya kuwakumbuka askari waliokufa, macho bado mekundu kwa moshi, leo Jumanne unaambiwa kapige kura. Kura gani tena? Duru ya pili ya mchujo wa vyama, ule wa kuchagua nani awe mgombea wa chama. Mchujo wenyewe tuliupiga Machi! Wiki 12! Hapa Texas katikati imeshapita mvua ya mawe, imepita kura nyingine ya mambo ya mji, gari langu limekufa na kufufuka.

Nikaenda. Raia mwema, shati la pasi. Kituo changu cha Machi kina kufuli. Nikafukuzia kingine, mezani kuna bibi kavaa miwani ya mnyororo.

"Chama gani, baba?"

"Leo nipe Democratic."

Akachungulia mashine. Akachungulia tena. "Machi ulichukua Republican."

"Ni kweli, mama. Kuna jamaa alikuwa anagombea ukonstebo, ule uaskari wa kupigiwa kura, alikuja harusini kwetu akapiga sahani mbili za pilau. Ningemnyimaje?"

"Basi na leo ni Republican. Huruhusiwi kuhama."

"Sawa. Jamaa yangu yumo?"

"Wamebaki wawili wa juu. Yeye alikuwa wa tatu."

Yaani mla pilau kaenda zake, mimi kaniacha kambani kama mbuzi wa Idi! Nyuma yangu kasimama jirani, ambaye Machi hakupiga, alilala. Bibi akamuuliza kwa upole: unataka chama gani? Achague! Aliyelala anachagua, mimi niliyepanga foleni kabla ya saa moja asubuhi sina changu! Nikataka kupiga kelele, nikakumbuka shati.

Na zamani haikuwa hivi. Mpaka 2010 duru ya pili ilikuwa Aprili, wiki sita tu, mtu bado unakumbuka umemkasirikia nani. 2011 wakageuza sheria, ati karatasi za kura za askari na walio ng'ambo lazima zitumwe siku 45 kabla ya kura, wiki sita hazitoshi. Nikafika nyumbani nikatangaza: turudi Aprili, askari watajijua! Mama watoto hakusema kitu. Akapiga simu Ujerumani, kwa kijana wetu aliye jeshini, akanipa. "Haya, mwambie."

Nikamuuliza kama huko kuna baridi.

Halafu ile stika yao ya "nimepiga kura" haikai kifuani. Imegandia kwenye kiti cha gari, naikwangua na kisu cha siagi mpaka sasa hivi.