Msumeno wa Meza Haupandi Punda

Amu, mji wetu wa kisiwani Lamu, hupitisha kila kitu isipokuwa gari. Jeneza linapita, harusi inapita, kabati la nguo linapita limelazwa ubavu, na punda wa mchanga wanapita huku wewe umebanwa ukutani kanzu yako inakula vumbi, wala hakuna wa kukuomba radhi. Sasa mimi, kwa hamu yangu ya useremala wa jioni, nimeshauriwa na wajuzi kwamba msumeno wangu wa meza, ule wa mota ambao bledi ya mviringo inachomoza katikati ya meza nawe unasukuma ubao, ni mdogo, haufai, niuondoe nitie ule wa kabati: meza ya chuma cha kusubu, mota ya hospawa 3, yaani nguvu za farasi, imefungiwa tumboni. Nikauliza uzito wake. Kilo 200 na zaidi. Jamani, utapanda punda gani?

Tena hizo kilo haziji kwa kuota. Zitoke Mombasa, zipite Malindi, Garsen, Witu, zishushwe Mokowe, ziingizwe mashuani, kisha hapa kwetu zipandishwe ngazi za gati. Na bahati yangu naijua, siku hiyo maji yatakuwa yamekupwa, ngazi za chini zina ukungu wa kijani unaoteleza hata kwa mtu aliyebeba gazeti. Nikawaonyesha hamali picha kwenye simu. Mmoja akaisogeza karibu na macho, akaniuliza:

"Bwana, hini ni mashini au ni injini ya jahazi?"

"Ya kupasulia mbao."

"Mbao za nini?"

"Vigoda."

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini juu ya gunia la mtu.

Hapo ndipo penye kero yangu. Mji huu unamjua seremala. Seremala ni yule anayekuahidi kitanda kabla ya harusi, akakuletea mtoto wa kwanza anatambaa. Lakini mtu anayepasua mbao kwa kujifurahisha, asiuze, huyo hajulikani awekwe wapi. Mimi mchana niko ofisini nagonga mihuri. Jioni navaa suruali kuukuu, naingia uani, natengeneza kigoda. Kikiisha nakitia sakafuni, nakitazama, nakikalia. Basi. Mtu akipita anauliza bei. Nikimwambia hakiuzwi anaondoka ananung'unika kwamba nimeshapata mteja mzungu. Mama mkwe, ambaye tunakaa naye na Mungu anajua, alimwambia mke wangu nasikia: mwanamume wa kushinda na mbao ni afadhali kuliko wa kushinda na mirungi, lakini kidogo tu.

Msumeno nilio nao ni wa kubebeka, wa mafundi wanaohamahama. Bledi ya inchi 10, mota ya brashi, yaani yenye vipande vya kaboni vinavyosugua ndani, na mota ya brashi kazi yake ya kwanza ni kupiga kelele. Kukata ni ya ziada. Kati ya huu wangu na ule wa kabati kuna wa tatu, mota yake inaning'inia nyuma kwa mkanda, mzito wastani, sauti wastani. Ningeutaka huo. Tatizo ni kwamba ukishaanza kusoma habari za misumeno hufiki mwisho. Mwenye mdogo anaambiwa anunue wa kati, mwenye wa kati anaambiwa alijidanganya, mwenye wa kabati anaambiwa sasa atafute wa hospawa 5. Na wote wanaoshauri wana gari la kubebea, karakana ya kuwekea, na mlango wa karakana unaofunguka kwa kubonyeza kitufe. Mimi mlango wangu ni wa kuchongwa, wa babu, una kizingiti cha kukuvunja dole la mguu, na ukifungua bawa moja kigoda chenyewe kinatoka kwa kuinamishwa.

Halafu stima. Hospawa 3 ni wati 2,200 na kitu. Soketi yetu ya ampea 13 kwa volti 240 inazimudu zikiwa zinakwenda. Kuwasha ndiko kwenye kazi. Mota kubwa ikianza kuzunguka inavuta umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida, kwa nukta moja tu, na nukta hiyo yatosha kuangusha swichi kuu. Nyumba yangu ukuta ni wa matumbawe, na nyaya zilitiwa na mtu ambaye siku hizi hatajwi ila kwa kurehemiwa. Hata huu mdogo nikiuwasha, feni ya mama mkwe huko juu inapunguza mwendo. Naye hahitaji kusikia kelele, anajua kwa upepo. Anaita:

"Ushaanda!"

Nina rafiki aliyeko Marekani, akajitolea kunitafutia msumeno uliotumika huko, mzuri, wa bei ya kutupa. Volti 120. "Tia transfoma," anasema, mtu aliyekulia Langoni, mtaa wa hapa hapa Amu, na akausahau. Transfoma ni ya volti; hezi, yale mapigo ya umeme kwa kila nukta, haizigusi. Huko ni 60, kwetu ni 50. Mota isiyo ya brashi iliyofanywa kwenda mizunguko 3,450 kwa dakika, hapa itakwenda 2,875 hivi, na itakuwa inaona joto. Joto la Machi ninalo la kutosha bila kuagiza jingine.

Basi akaniambia ninunue SawStop. Hiyo nayo ni habari. Mwaka 1999 Mmarekani mmoja, Steve Gass, msomi wa fizikia na wakili wa hataza, yaani haki za uvumbuzi, aliwaza msumeno unaojua kutofautisha mbao na kidole. Mwili wa mtu unapitisha umeme, mbao kavu haipitishi. Bledi ikigusa nyama, kipande cha alumini kinarukia meno, bledi inasimama kwa muda usiofika milisekunde 5 na kuzama chini ya meza. Wanaionyesha kwa soseji: soseji inasukumwa kwenye bledi, paa!, inabaki na mchubuko. Mke wangu aliitazama video ile mara ya kwanza kimya, mara ya pili akauliza kama soseji ni ya ng'ombe.

Siudharau ule msumeno. Vidole vyangu navipenda vyote, hata kile kidogo cha kushoto ambacho sijui kinafanya nini. Lakini breki ile haijui kama unyevu umetoka kwa mtu au umetoka kwa ubao. Mbao mbichi au iliyorowa nayo inapitisha umeme, breki inaweza kuruka, na ikiruka mara moja ile kaseti yake, kasha lenye kile kipande cha alumini, ni ya kutupa, na bledi kwa kawaida nayo imekwisha. Sasa mbao zetu hapa zinafikaje? Kwa mashua, zimerushiwa maji ya chumvi njia nzima. Wenyewe wameweka namna ya kuizima breki kwa mbao za aina hiyo. Yaani nitoe pesa zote zile ninunue breki, niipandishe mashua, niishushe gatini, kisha niizime?

Ngoja niseme kinachonikera hasa, maana si hospawa. Ni fensi. Fensi ni ile reli inayokaa sambamba na bledi, unaegemeza ubao kwake unasukuma. Ya msumeno wangu inakaza mbele tu. Mkia wake uko huru, unatikisa. Chukua chaki, tia alama kwenye jino moja la bledi. Lilete jino hilo mbele, pima kutoka jino hadi kwenye fensi. Lizungushe mpaka nyuma, jino lile lile, pima tena. Nilipopima, nyuma palikuwa pamepungua nusu milimita. Utasema nusu milimita ni nini, unene wa kucha. Ubao ukishapita katikati unaanza kubanwa, moshi unatoka, mvule unaungua ukingoni mstari mweusi kama uliopigwa kwa pasi ya makaa. Meno ya nyuma ya bledi yanapanda juu yakija upande wako. Ubao ukinaswa nayo haukatiki tena, unapanda nao na kurushwa kwako.

Ulinipita kwapani. Haukunigusa. Uliruka ua mzima ukapiga birika la kahawa la shaba lililokuwa barazani, birika la mama mkwe, alilokuja nalo nyumbani kama bi harusi. Aliteremka ngazi. Hakuniuliza kama nimeumia. Aliliokota birika, akaligeuza upande wa lile bonyeo, akalipeleka juani alione vizuri, kisha akanitazama mimi.

Na sikuwa nimefanya mchezo. Kile kisu cha bapa cha nyuma ya bledi kinachozuia ubao kujifunga nilikuwa nimekiacha mahali pake, kijiti cha kusukumia nilikuwa nacho, na sivai kitu cha mikono mipana. Kanzu na msumeno wa meza hawajuani. Kikoi pia, hasa kile cha kufungwa haraka haraka. Wala glavu si hifadhi hapo, inanaswa uzi mmoja mkono unafuata. Ilikuwa fensi, naapa, na fensi haina wa kuishtaki.

Nikaona kwanza nibadilishe bledi, maana ile iliyokuja na msumeno ilikuwa imekwisha kwa mbao za mnazi. Mnazi unaua bledi kuliko mchanga. Nikataka ya meno 24, ya kupasulia kwa urefu; ya meno 60 ni ya kukatia mkato wa kupingana na nyuzi, ukiipasulia inajaa unga inachemka. Kwenye duka moja la vifaa Mombasa, kijana akanipa bledi safi, inang'aa. Nikapima tundu: milimita 30. Ekseli ya msumeno wangu ni inchi tano ya nane, haifiki hata milimita 16. Nikamwambia haitakaa. "Itaingia tu, mzee," akasema. Kuingia itaingia, hata kichwa changu kitaingia! Inatakiwa ikae katikati, isizunguke inayumba mizunguko elfu kadhaa kwa dakika mbele ya tumbo langu. Akanipa ringi ya plastiki, eti nijazie mwanya. Nilipata yenye tundu sahihi kwingine, nene, inakula milimita 3.2 kila mpasuo. Pasua ubao mara tano, umelipia milimita 16 za mbambakofi zilizogeuka unga.

Unga wenyewe nao una kesi zake. Vumbi la mvule linawasha pua na macho, na nyumba za Amu zimejaa zidaka ukutani, kila kidaka kina kikombe cha kaure cha kurithiwa, na kila kikombe kina vumbi langu. Kutu sizitaji. Ukiacha meza ya chuma wazi usiku mmoja karibu na bahari hii, asubuhi unakuta alama ya kiganja chako imechorwa kwa rangi ya machungwa, vidole vyote vimetimia. Mimi naisugua mshumaa, naifuta kwa kitambaa, mbao inateleza vizuri na kutu inachelewa. Mke wangu alipendekeza mafuta ya nazi. Nikamwambia mafuta yataingia kwenye mbao, gundi isishike. Akanijibu mbona kichwani mwangu yanashika.

Mwisho nikaamua: msumeno ubaki, fensi iondoke. Nikachukua ubao wa mvule uliokauka miaka, nikaupiga randa mpaka nikiulaza juu ya kioo hauonyeshi mwanga chini, nikaufunga kwenye chuma cha pembe, nikautia kikazo mbele na kingine nyuma. Nikapima kwa jino la chaki. Mbele sawa, nyuma sawa. Mpasuo wa kwanza ubao ulitoka umenyooka, ukingo mweupe, hauna haja hata ya randa. Siku zote tatizo lilikuwa hilo, si hospawa, na hakuna mjuzi aliyenianzia hapo, kwa sababu fensi haina cha kujivunia.

Kumbe nimejichimbia. Ubao ulionyooka hapa mjini hausitiriki. Wa kwanza kuja ni fundi mzee wa mtaani, aliyekuwa akisema hadharani kwamba seremala ni patasi na tezo, mashini ni za wavivu. Alikuja baada ya alasiri, ubao begani, akiangalia pembeni. "Mwanangu, kipasuo kimoja tu." Kikawa sita. Akaja wa mashua. Wakaja wa rafu za chuo. Jirani aliyekuwa akinifungia dirisha kwa kelele akaleta mlango mzima, apunguziwe chini. Nikiwaambia nimechoka, jibu lao ni moja: "Si wewe mwenyewe wasema wajifurahisha?"

Kigoda changu kina miguu miwili. Wa tatu nimeshindwa kuufikia, uko chini ya mbao za watu.

Juzi narudi kazini, nakuta mama mkwe kaketi kwenye daka la nyumba, leso mabegani, daftari mapajani, mbele yake watu wawili na mbao zao. Namsikia: "Shilingi 50 kwa mpasuo. Ndefu 80. Iliyorowa hatupokei, nenda kaianike." Nikasubiri waondoke, nikamuuliza kwa adabu zote hizo pesa zinakwenda wapi, maana msumeno ni wangu na mgongo ni wangu. Akafunga daftari. Akaniambia birika jipya limeshalipiwa, ila kifuniko bado nadaiwa.