Viungo Jikoni: Dawa, au Njia ya Kupunguza Chumvi?

Siku hizi kila kiungo kimepewa ugonjwa wake: manjano ni ya maungio, mdalasini ni wa sukari, tangawizi ni ya kichefuchefu. Si uzushi mtupu. Tangawizi, kwa mfano, imejaribiwa mara nyingi kwa wajawazito na imewapunguzia wengi kichefuchefu. Tatizo ni kipimo.

Chukua manjano, yanayosifiwa kuliko vyote. Kinachotafutwa humo ni kurkumini, kemikali ya asili inayodhaniwa kuwa ndiyo dawa yenyewe, ambayo ni kama asilimia 3 tu ya uzito wa unga, na mwili huipokea kwa shida. Mwaka 1998 watafiti walionyesha kwamba piperini, kemikali inayoipa pilipili manga ukali wake, huongeza upokeaji huo kwa asilimia 2,000, na ushauri wa kuchanganya viwili hivyo ukaenea kila mahali. Kisichosemwa ni kwamba waliojaribiwa walipewa gramu 2 za kurkumini kwa mkupuo. Kijiko cha chai cha manjano, gramu 3 hivi, kina kama gramu 0.09. Hesabu inakuja zaidi ya vijiko 20 kwa mlaji mmoja. Mchuzi huo sijui nani angeumeza.

Pilipili nayo ina watetezi wake. Utafiti wa mwaka 2015 uliofuatilia karibu watu nusu milioni nchini China ulikuta vifo pungufu kwa asilimia 14 miongoni mwa waliokula vyakula vikali karibu kila siku. Ila kufuatilia watu si kuwajaribu. Huenda walaji hao walitofautiana na wenzao kwa mengine. Mwenye kiungulia, kwa vyovyote, takwimu hizo hazimsaidii.

Faida ninayoiamini mimi haina mbwembwe: viungo hupunguza chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, na walimwengu kwa wastani wanakula takriban mara mbili ya hapo. Kaanga bizari nyembamba bila mafuta mpaka inukie, itwange, itie kwenye maharage yanayokaribia kuiva pamoja na kitunguu saumu, kamulia ndimu, kisha onja kabla hujashika kopo la chumvi. Utashangaa inavyotosha kidogo. Angalia tu michanganyiko ya pakiti, maana mingi imeshatiwa chumvi kiwandani.

Madhara huja kiungo kikigeuzwa dozi. Mdalasini wa kasia, ule wa bei nafuu, una kumarini, kemikali ya asili ambayo ikizidi huweza kuumiza ini. Kunyunyizia chakula si neno. Kijiko kizima kila asubuhi kwa miezi ni habari nyingine. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda naye amuulize daktari kabla ya kuanza vidonge vya manjano. Mchuzi aendelee nao.