Nani atakugongea dirisha Hamburg?

Nyumbani Moshi nilikuwa sitegi kengele ya simu. Saa kumi na moja kasoro robo alfajiri mwenzangu anagonga dirisha mara mbili, hasemi kitu, anaanza kurukaruka pale nje kwa baridi ya Julai. Usipotoka, jioni unaulizwa kijiweni mbele ya watu: "Vipi, ulikuwa unaumwa?" Tulikuwa saba au wanane, tunakimbia kupandisha barabara ya Mweka, na kile kilima hakina huruma. Anayelegea anawekwa katikati, mwenye pumzi anakaa mbele kushika kasi.

Hapa Hamburg, marathoni yangu ya kwanza ya Aprili nilijiandaa peke yangu, nikizunguka ziwa la Alster. Mzunguko mmoja ni kilomita saba na kitu. Januari, saa mbili asubuhi bado giza. Programu ya simu inasema kilomita 30, yaani mizunguko minne. Mimi nikimaliza wa tatu nakata kona kuelekea kituo cha treni. Nilifanya hivyo Jumapili tatu mfululizo na hakuna aliyeniuliza. Siku yenyewe, kilomita ya 34, miguu ikagoma. Nilimaliza kwa kutembea, nalia.

Huku wengi wanasema kukimbia peke yako kunapumzisha akili. Ni kweli. Tena siku ya mbio nyepesi nakuwa bora nikiwa peke yangu, kwa sababu nyumbani hilo lilitushinda: kila asubuhi ilikuwa mashindano, na magoti yangu yanakumbuka. Ila mbio ndefu ya mtu mmoja siikubali tena. Hata Kipchoge wa Kenya, Vienna mwaka 2019, ile marathoni ya 1:59:40 aliikimbia na wenzake 41 wakipokezana kumshikia kasi. Na Simbu wetu, marathoni ya mashindano ya dunia, Tokyo 2025! Yeye na Mjerumani Amanal Petros wote waliandikiwa 2:09:48, dhahabu ikaja Tanzania kwa tofauti ya sekunde 0.03. Sidhani kama Simbu angezipata zile hatua za mwisho bila mgongo wa mtu mbele yake.

Kwa hiyo nimejiunga na kikundi cha mtaani. Wana nidhamu ninayoiheshimu: kasi inatangazwa mapema, saa ikifika wanaondoka, hawamsubiri mtu. Lakini tukimaliza kila mtu anapanda baiskeli yake. Hakuna chai, hakuna chapati, hakuna wa kukuuliza kwa nini jana hukuonekana, na ninyi mlioko huku mnajua jinsi hilo linavyouma.

Nikamwomba mmoja wao, anayekaa mtaa wa pili, asinitumie ujumbe siku za mbio ndefu. Aje apige kengele ya mlango. Alishangaa, akauliza kama majirani hawatalalamika. Jumapili iliyopita, saa moja kamili, nikiwa bado nimejifunika blanketi, kengele ikalia mara mbili.