Kufuli la Shangazi Lililogoma kwa Sababu ya Wimbo

Shangazi haamini kufuli moja. Alipoamua kuificha folda yake ya madeni kwenye kompyuta, aliifungia kila alichosikia kinafunga. Ndani ya folda mna faili moja tu la Excel: jina la ndugu, alichokopa, siku aliyoahidi kulipa, na safu ya mwisho yenye "bado" au "amelipa". Mimi nimo humo, upande wa "bado". Kwa hiyo folda ilipogoma kufunguka na nikaitwa mimi, fundi wa ukoo, nilipokewa kama fisi aliyeletwa kumtibu mbuzi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umefurahi?"

Nilimwomba anieleze kufuli zote tangu la kwanza, maana kwenye kazi hizi tatizo mara nyingi limelala chini ya suluhisho la juzi.

La kwanza lilikuwa kile kifaili cha amri kinachozunguka mitandaoni tangu enzi za Windows XP. Unabandika mistari michache kwenye Notepad, unakihifadhi kwa jina linaloishia na .bat, na kila ukikibofya kinakudai nywila kwa sauti ya mkubwa. Kinachofanyika nyuma ya pazia ni kichekesho chenyewe: folda inabadilishwa jina ifanane na kitu cha mfumo, kisha inafichwa kwa amri ya attrib +h +s. Basi. Hakuna herufi hata moja iliyosimbwa, yaani kugeuzwa isisomeke bila ufunguo. Ukiingia kwenye mipangilio ya folda ukaruhusu mafaili yaliyofichwa na ya mfumo yaonekane, unaiona imekaa palepale. Na nywila yenyewe imeandikwa wazi ndani ya kifaili hichohicho: bofya kitufe cha kulia, chagua kuhariri, isome. Mjukuu wake aliisoma kwa sauti sebuleni, kwa nia njema kabisa, akionyesha kwamba sasa anajua kusoma.

La pili lilishindikana, na ilikuwa heri. Alisikia Windows yenyewe inaweza kusimba folda: unafungua sifa zake, unaingia sehemu ya juu zaidi, unaweka tiki kwenye kisanduku cha kusimba yaliyomo. Kwake kisanduku kilikuwa kijivu, hakibofyeki, kwa sababu toleo la Home halina ruhusa hiyo. Ni la Pro kwenda juu. Nasema heri kwa sababu usimbaji huo, EFS, haukuulizi nywila yoyote. Ufunguo wake umefungwa kwenye akaunti yako ya Windows. Ukishaingia kwenye akaunti, kila kitu kiko wazi hata kwa aliyeketi kwenye kiti chako ulipokwenda kuchota maji. Na siku Windows ikifutwa na kuwekwa upya kabla hujatoa nakala ya cheti, kwa amri ya cipher /x kwa mfano, majina ya mafaili utayaona yote na hakuna hata moja litakalofunguka. Shangazi angenishtaki mimi.

La tatu ndilo lililotukutanisha: VeraCrypt. Hapa nilimvulia kofia, maana alilitengeneza sawasawa. Programu hii haifungi folda uliyo nayo. Inaunda faili moja kubwa, kontena, ambalo ukilifungua kwa nywila linatokea kama diski mpya yenye herufi yake, tuseme V:, na ukilifunga linabaki rundo la takataka zisizosomeka. Alichagua AES, mojawapo ya mbinu za kusimba, ukubwa wa GB 2, akazungusha kipanya ovyo kama programu inavyoomba mpaka kile kimstari kikajaa. Hata mtego wa hatua ya kuchagua mahali aliukwepa: ukionyesha pale faili ulilo nalo tayari ukidhani ndilo litakalosimbwa, programu inalifuta na kuweka kontena mahali pake. Inakuonya kwanza, lakini nani anasoma maonyo? Shangazi anasoma.

Kontena akalipa jina la video, "Sherehe ya zamani.mp4". Inaruhusiwa, VeraCrypt haijali jina.

Kisha, kwa kuwa haamini kufuli moja, akaongeza faili-ufunguo. Yaani pamoja na nywila, programu inadai pia faili fulani ulilolichagua, lolote lile, na inasoma baiti zake za mwanzo hadi 1,048,576. Shangazi alichagua wimbo anaoupenda, MP3 ya MB 4, katikati ya nyimbo zake nyingine. Nani angeshuku wimbo?

Sasa kontena likawa halifunguki. VeraCrypt haikuambii kosa liko wapi. Inakutajia orodha ya mashaka, kwamba labda nywila si sahihi, labda hili si kontena kabisa. Siyo ujeuri. Kichwa cha kontena, ile sehemu ya mwanzo inayohitajika ili lifunguke, kimetengenezwa kisitofautike na takataka, kwa hiyo hata programu yenyewe haijui kama umekosea herufi moja au umeiletea video kweli.

"Umelila," Shangazi alisema.

"Sijaligusa, shangazi."

"Una faida gani likifunguka?"

Sikuwa na jibu zuri, nikaanza kazi. Kwanza nywila: niliweka tiki ya kuionyesha ili aone anachoandika, kwa sababu herufi kubwa zilizowashwa bila kujua zimeshaliza watu wengi. Iko sawa. Ile namba ya hiari iitwayo PIM, inayoandikwa pamoja na nywila, hakuwahi kuiweka. Nikajaribu kichwa cha akiba kilicho mwishoni mwa kontena, kwa kuchagua kitumike wakati wa kufungua. Kikagoma vilevile, na hilo likanipa fununu: kichwa cha akiba nacho kinadai nywila ileile na faili-ufunguo lilelile. Vikigoma vyote viwili, usilaumu kufuli kwanza, utazame ufunguo.

Nikatazama tarehe. Ya kontena ilikuwa ya siku lilipotengenezwa, kwa kuwa VeraCrypt kwa kawaida haiibadilishi hata ukilitumia kila siku. Ya wimbo ilikuwa ya mbele zaidi. Wimbo ulikuwa umebadilika baada ya kufanywa ufunguo.

"Shangazi, nani amegusa nyimbo zako?"

"Binamu yako. Alikuja akanipangia vizuri, kila wimbo na picha yake."

Hapo ndipo penyewe. Jina la wimbo, la mwimbaji na picha ya albamu hukaa ndani ya MP3, na katika muundo wa ID3v2 hukaa mwanzoni kabisa mwa faili, mbele ya muziki. Programu ya kupanga nyimbo iliandika palepale VeraCrypt inaposoma. Sikio halisikii tofauti. Kwa kontena, biti moja ikibadilika huo ni ufunguo mwingine, na maelekezo ya VeraCrypt yanaonya juu ya MP3 kwa kuitaja.

Kurudisha jina la zamani kwa mkono hakusaidii, kwa sababu huwezi kuotea kila baiti ilivyokuwa. Dawa ni nakala ambayo haikuguswa. Wimbo ulitoka kwenye simu yake, na simu haikupangwa na mtu. Nikauvuta kwa waya, nikaweka nakala mbili, ya simu na ya kompyuta, kando kwa kando na kuendesha certutil -hashfile kwa SHA256, amri inayotoa kama alama ya kidole ya faili, kwenye kila moja. Herufi 64 huku, herufi 64 kule, hazifanani. Nikachagua ule wa simu, akaandika nywila. Sekunde kadhaa za kusubiri, maana VeraCrypt inakokotoa mara laki kadhaa kwa makusudi ili kumchosha anayebahatisha, na V: ikatokea.

Shangazi hakunishukuru. Alienda moja kwa moja kwenye mstari wangu, akahakikisha upo.

Nikamtengenezea faili-ufunguo la kweli kwa kile kitengeneza-funguo cha programu yenyewe, nikaliweka kwenye flashi mbili, nikalibadilisha na ule wimbo. Ilibaki kusafisha. Alipoingiza faili kwenye V: aliliburuta kwa kipanya, na kuburuta kutoka diski moja kwenda nyingine katika Windows ni kunakili, si kuhamisha. Nikatafuta, nikalikuta kwenye Nyaraka: daftari lote la madeni, bila kufuli hata moja.

Nilikuwa nataka kulifuta na kupitisha cipher /w, amri ya kufunika mabaki ya mafaili yaliyofutwa, juu ya nafasi tupu, ambayo kwenye diski ya kuzunguka inafaa ingawa kwa SSD haina uhakika, Shangazi akanishika mkono. Ameona tarehe. Faili hili lilibadilishwa jioni ileile nyimbo zilipopangwa.

Tukayafungua mawili sambamba. Kila mstari ulilingana isipokuwa wa binamu: ndani ya kontena "bado", kwenye Nyaraka "amelipa". Na wangu ulikuwa chini yake tu, kisanduku kimoja, hakuugusa! Ndugu gani huyo?

Shangazi alichukua simu, sauti imekuwa asali.

"Baba, zile nyimbo ulinipangia vizuri sana. Njoo kesho, kuna kitu kingine nataka ukipange mbele yangu."